Kesi ya Kopo la Viwavi

"Nani kafungua kopo langu?"

Neema alikuwa ameokota viwavi kumi na wawili kwenye mahindi yetu ya uani, hapa Kizwite mkoani Rukwa, akawafuga ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari. Jioni walibaki saba. Kesho yake, wanne. Lawama zikamwangukia mdogo wake Deo, na mama yao akampigisha magoti huku mtoto akiapa kwamba hata kopo hajaligusa.

Nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Kiwavi mmoja alikuwa amemng'ang'ania mwenzake ubavuni, anamtafuna taratibu, na majani mabichi yamejaa pembeni. Usoni alikuwa na alama ya Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia, madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Ni kiwavijeshi vamizi, yule mgeni kutoka Amerika aliyeingia mashamba ya Rukwa mwaka 2017. Hao hulana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana kwenye moyo wa mmea wa hindi mara nyingi unamkuta mkubwa mmoja tu.

Mama Neema alimwomba Deo radhi mbele ya wote. Mtoto aliyeadhibiwa hadharani astahili kusafishwa hadharani.

Kiwavi wa mwisho alijichimbia kwenye udongo wa kopo, akageuka pupa ya kahawia. Baridi ya nyanda hizi za juu za Ufipa ilimchelewesha, hata Neema akamsahau. Usiku mmoja kopo likafunguliwa kweli, na safari hii alikuwa Deo. Nondo wa kijivujivu akaruka, akaanza kuzunguka taa.

"Funga dirisha!" Bibi alipaza sauti.

Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja, na mahindi yalikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Neema alilia asiuawe. Lakini Bibi amekulia kwenye simulizi za nzige wekundu, waliotoka pande hizi za Bonde la Rukwa miaka ya 1930 wakala mashamba mpaka kusini mwa Afrika. Alimchapa nondo kwa kanga, pigo moja.

Neema alimnunia hadi asubuhi, kisha akamfuata shambani. Bibi akampindulia jani: mayai yamelundikana, yamefunikwa vinyweleo kama ukungu.

"Haya ni ya wenzake. Saga kwa kidole."

Akayasaga, akahamia mstari wa pili bila kuambiwa.