Adabu za Pori la Maswa

Ni wajibu wetu kuusifu uadilifu wa Pori la Akiba la Maswa, ambalo humlaki kwa taadhima mgeni aliyevuka bahari, akalipa ada, akamwangusha nyati kwa bunduki na kupiga picha akiwa ameuegemea mzoga, tendo ambalo wajuzi huliita utalii. Ilhali Msukuma wa Simiyu akivuka mpaka kumfuata ndama aliyepotea, wajuzi hao hao, kwa huruma ya wanyama, huuita mwendo huo uvamizi. Naye asinung'unike, kwani starehe yake imeandaliwa katika Mto Simiyu, ambao wakati wa kiangazi humruhusu kufukua mchanga hadi ayaone maji: mazoezi ya viungo yasiyotozwa ushuru, wala kuhitaji kibali, mradi awapishe ng'ombe wanywe kwanza.