Nusu Mkebe wa Rangi Nyekundu

Mke wangu alikubali tuuze nyumba kwa sharti moja: kwanza ipakwe rangi. Sikuwa na pa kukatalia. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inataka mtu akiuza boma analoishi na mwenziwe apate idhini ya mwenziwe huyo, na wakili alikuwa amemweleza jambo hilo mbele yangu, polepole, asipitwe na neno. Tulipotoka ofisini mama watoto alikuwa amenyoosha mgongo. "Baba watoto," akaniambia tukingoja matatu ya 46, "bila sahihi yangu hapauzwi hata mlango wa choo."

Nyumba yenyewe iko Kawangware, upande wa Gatina. Baba aliijenga kidogo kidogo, mawe mbele na mabati nyuma, kila alipopata hela. Hela hazikuja kwa mpangilio, na kuta zinasema hivyo: ukiegemeza ubao ulionyooka kwenye ukuta wa sebule, panya anapita nyuma yake. Kuna vyumba viwili vya kulala, jiko lililokula moshi wa makaa miaka thelathini, na uani kibanda cha kuku. Tulitaka kuuza tununue kipande kikubwa kidogo mbele huko, Kikuyu, watoto wapige mpira bila kuvunja dirisha la mtu.

Ujuzi wa kupamba mama watoto aliupata kwenye simu. Kumbe kule Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kuipamba nyumba ya mwenzao inayouzwa. Huleta makochi ya kukodi, hujaza bakuli ndimu ambazo hakuna atakayezikamua, na huoka mkate ili pua ya mnunuzi ikubali bei kabla ya macho. Amri yao kuu ni kwamba mnunuzi asione dalili ya mtu. Aingie, ajione yeye mwenyewe akiishi humo.

Sebule yetu ilikuwa na dalili za watu wengi. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi, meza ilivaa chake, redio ilivaa chake. Ukutani palikuwa na kalenda saba, mojawapo ya buchari iliyofungwa zamani, picha ya baba na kofia yake, arusi yetu, na mahafali ya kila mtoto aliyewahi kuvaa joho, hata la chekechea. Vyote vikashushwa. Vitambaa vikafungwa kwenye shuka. Makochi mawili yakaenda kwa jirani, na hapo tukawa tunakaa kwa zamu.

Shangazi alikuja siku hiyo kutoka Kibera. Akasimama mlangoni, akatazama kuta nyeupe mahali picha zilipokuwa. "Mwanangu, mmehama au mmeibiwa?"

Nikamweleza habari za Marekani. Akaniuliza kama nimelipia.

Fundi alitoka kwa mama mmoja wa chama. Alipaka krimu juu, na chini, hadi kiunoni, rangi ya mafuta ya kahawia inayofutika kwa kitambaa, maana nyumba yenye watoto lazima iwe na mpaka kati ya mikono yao na usafi. Veranda ikapakwa nyekundu ya kung'aa. Harufu ilitutoa chumbani mwetu siku mbili, tukalala kwenye chumba cha watoto mlango wazi, kuku wakiingia na kutoka kama wageni wa matanga. Nyayo za kuku kwenye veranda mbichi ziko mpaka leo. Fundi alisema azifute kwa shilingi mia tano zaidi, nikasema ziache, ni urembo. Kazi ilipokwisha pakabaki nusu mkebe wa ile nyekundu. Nikauweka chini ya kitanda. Kumbuka mkebe huo.

Halafu mama watoto akautazama uwanja. Akasema unaonekana mdogo kwa sababu ya kayaba.

Aliyewahi kuishi Dagoretti anaijua kayaba: ua wa miiba mirefu kama sindano za mshona magunia, wenye matunda ya manjano makali yanayofunga mdomo. Yetu ilipandwa na babu. Ilikuwa pana kiasi cha mtu kulala ndani yake, kama angetaka adhabu ya namna hiyo. Vijana watatu waliikata siku nne, mikono ikivuja damu, kisha fundi akavuta uzi kutoka kona hadi kona na kusimamisha ua wa mabati mapya, ulionyooka kuliko kitu chochote ambacho ukoo wetu umewahi kujenga. Uwanja ukapanuka ghafla. Hata mimi nilisimama katikati yake nikajiona tajiri.

Broka akaleta mnunuzi Jumamosi. Mama watoto aliamka saa kumi na moja kukaanga mandazi ya iliki, si ya kuliwa, ya kunusiwa. Ndimu hazikuwapo, akapanga matomoko kwenye bakuli. Mnunuzi, mwanamume wa makamo mwenye viatu vya kazi, alishuka garini na sorovea. Hakuutazama mlango. Alipita kando ya veranda nyekundu bila kuikanyaga, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ua mpya, akaupiga kofi.

"Mzee," akasema, "kayaba iko wapi?"

Nikamwambia kwa fahari kwamba tumeiondoa.

Sorovea alikunja ramani yake taratibu, kama daktari anayevua miwani. Akatueleza jambo ambalo babu alilijua na sisi tukalisahau. Mashamba ya huku yalipopimwa na kusajiliwa, Dagoretti ikiwa bado upande wa Kiambu, mipaka mingi haikuwekewa nguzo za zege zenye namba. Watu walipanda ua, na ramani ikachorwa kwa kuufuata. Ndiyo maana hati za Kawangware husema Dagoretti/Riruta na namba, na ramani yake huonyesha kwamba kipande kipo na nani amepakana na nani, lakini haikuapii futi. Ukitaka kuujua mpaka, nenda ukautazame ua. "Na nyinyi," akasema, "ua mmeuchoma."

Tulikuwa tumeuchoma kweli. Majivu yake yalikuwa kwenye sukumawiki.

Jirani, mzee ambaye hakuwa amezungumza nasi vizuri tangu kesi ya jogoo, alitokea upande wa pili wa mabati kana kwamba ameitwa kwa kengele. Akasema visiki vyote viko upande wetu na uzi wa fundi umeingia kwake hatua moja. Nikasema hatua moja ya nani, yake au ya mtoto? Hapo sheria haina mzaha: kuharibu alama ya mpaka ni kosa. Mnunuzi akasema atarudi tukishaelewana. Akiwa anaondoka, kwa upole wa mtu asiyejua anachokisema, akaongeza kwamba pale anataka kusimamisha ghorofa, kwa hiyo tukipenda tunaweza kung'oa milango, madirisha na mabati tukaenda nayo, maana yeye siku ya kwanza ataleta tingatinga.

Alikula mandazi matatu, amesimama juu ya kisiki.

Shangazi alicheka hadi akaketi chini. Yeye naye alikuwa anauza. Ana vyumba sita vya mabati Laini Saba, Kibera, mstari mmoja unaotazama kijia, na magoti yake yalikuwa yamemwambia arudi nyumbani Murang'a. Lakini Kibera mambo yamepinduka. Ardhi ni ya serikali. Wanubi, ambao mababu zao waliletwa pale kama askari zaidi ya karne moja iliyopita na kuliita pori hilo Kibra, walipewa hati ya jamii ya ekari 288 mwaka 2017. Wengine, shangazi akiwa mmoja wao, wana karatasi ya makubaliano, sahihi ya mzee wa kijiji na kumbukumbu za majirani. Anachouza ni kile kilichosimama: bati, mlango, stima, na wapangaji walioko ndani. Mnunuzi wa Kibera hupiga ukuta kwa kidole asikie kama ni geji 30 au ni nzito zaidi, huangalia juu kama jua linapenya, huuliza choo kiko hatua ngapi, kisha huuliza wapangaji hulipa tarehe ngapi.

"Wewe unauza udongo ukapaka rangi mabati," shangazi akaniambia. "Mimi ninauza mabati, udongo si wangu, na paa linavuja. Nani kati yetu alihitaji fundi?"

Nikaona haya. Jumamosi iliyofuata nikamchukua fundi, nikachukua ule nusu mkebe kwa ajili ya milango, tukateremka Naivasha Road hadi Ngong Road, tukakata kwenye soko la Toi. Shangazi alikuwa tayari na mnunuzi, mama mmoja anayeuza mitumba hapo Toi, ambaye angekuja kesho yake baada ya kanisa. Fundi akapita mstari mzima akigusa mabati. Chini, yanapokutana na maji ya mtaro, tisa yalikuwa yameliwa na kutu. Nikamwambia ayatie alama yale ya kubadilishwa, mimi na shangazi twende Makina kuulizia bei.

Alama gani, sikusema. Fundi ni mtu wa kazi. Alifungua mkebe, akachovya brashi, akaandika X nyekundu kwenye kila bati bovu, X tisa kubwa zinazotazama kijia, halafu akaenda kutafuta chai.

Mkaaji wa Nairobi hahitaji kusimuliwa X nyekundu ukutani ina maana gani. Laini Saba hawajasahau asubuhi ya tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yalipoingia Kibera kufungua njia ya barabara kati ya Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakalala nje. Tuliporudi kutoka Makina, bati moja kichwani pa kijana wa mkokoteni, kijia kilikuwa kimejaa vitanda. Sufuria zilikuwa zimefungwa ndani ya neti za mbu. Baba mmoja alikuwa juu ya paa la shangazi, anang'oa bati ambalo si lake, akisema afadhali alichukue yeye kuliko serikali. Mstari wa jirani, ambao haukuwa na X hata moja, nao ulikuwa unahama, kwa hoja kwamba tingatinga halijui kusoma.

"Shosho," mpangaji wa chumba cha tatu akamlilia shangazi, "si ungetuambia tu?"

Shangazi alinitazama. Nimewahi kutazamwa na askari, na mwalimu mkuu, na mnunuzi aliyesimama juu ya kisiki. Hawakufikia.

Mzee wa kijiji akaja, chifu akapigiwa simu, chifu naye akapiga simu zake kuuliza kama kuna barabara ambayo hakuambiwa. Fundi alirudi na kikombe mkononi akakuta umati. Akaeleza kwamba X ni zake. Hawakumwamini. Ikabidi amwage chai, achukue nyundo, ang'oe bati moja lenye X mbele ya watu na kugongomea jipya, ndipo kicheko kikaanza upande mmoja wa kijia kikasambaa taratibu hadi relini. Lakini wapangaji wawili walikuwa wamekwisha kwenda, mmoja akiwa na deni la miezi miwili ambalo nadhani X ilimkomboa. Mama wa mitumba alipiga simu jioni. Alisema amesikia. Alisema Mungu atupe subira.

Tulikuwa na pesa za mabati manne tu. X tano zikabaki. Tulizisugua kwa tarpentaini zikawa mawaa makubwa mekundu, mabaya kuliko X zenyewe. Kwa mbali ungedhani pamechinjwa ng'ombe. Fundi akasema dawa ya rangi ni rangi. Tukanunua mkebe mwingine wa nyekundu, tukapaka mstari wote wa vyumba sita, milango na kuta, kuanzia mtaroni hadi kwenye paa.

Siku hizi mtu akielekeza wageni Laini Saba husema, ukifika kwa nyumba nyekundu, pinda kushoto. Vyumba vilijaa ndani ya wiki mbili. Mama wa mitumba amerudi mara mbili na bei nzuri zaidi. Shangazi anamwambia magoti yamepona.

Kwetu Gatina, ofisi ya ardhi ilituma watu wakapima kwa kufuata visiki. Fundi alikuwa ameingia kwa jirani nusu hatua. Mabati yamerudishwa, na tumepanda kayaba nyingine, mimi na jirani, kila mmoja upande wake, bila kusemezana. Sasa imefika magotini. Mnunuzi wa ghorofa alipata kipande kingine karibu na Stage 2. Picha zimerudi ukutani, baba na kofia yake akiwa wa kwanza, na vitambaa vimerudi kwenye makochi. Mama watoto hajatia sahihi popote.

Na chini ya kitanda, kutoka ule mkebe wa pili, pamebaki tena nusu. Ni rangi nzuri ya mafuta, nyekundu ya kung'aa, haijaganda. Anayeihitaji aje aichukue bure. Nitamwomba tu anionyeshe kwanza ni ukuta gani, na unatazama wapi.