Elimu Tukufu ya Kukokotoa GPA ya Mwombaji wa Udaktari Marekani

GPA ya mwombaji wa shule ya udaktari nchini Marekani hupatikana kwa kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, mambo ambayo mtoto wa darasa la tano huyamaliza kabla ya kengele ya uji. Wasiojua hukomea hapo. Fani yenyewe ina vina visivyofikiwa na akili za kawaida, na wajuzi wake wa kweli duniani hawazidi mmoja, ambaye adabu hairuhusu atajwe katika hotuba anayoitoa mwenyewe.

Nguzo ya kwanza ni kwamba chuo hakina kauli ya mwisho. Maombi mengi ya shahada ya MD hupitia AMCAS, huduma iliyo chini ya jumuiya ya vyuo vya udaktari iitwayo AAMC, nayo hukokotoa upya kila alama iliyo kwenye transkripti. A ni 4.0, A- ni 3.7, B+ ni 3.3, B ni 3.0, na ngazi hushuka hivyo hadi F, ambayo ni sifuri kamili. A+ nayo ni 4.0, hata kama chuo kiliihesabu 4.3, ile alama ya jumlisha hubaki pambo la kuonyesha wazazi.

Nguzo ya pili ni uzito wa somo. Chukua mwanafunzi mwenye A- ya Biolojia kwa krediti 4, C+ ya Kemia Ogania kwa krediti 4, na A ya Historia kwa krediti 3. Pointi zake ni 14.8, 9.2 na 12, jumla 36. Zikigawanywa kwa krediti 11, jibu ni 3.27. Krediti za vyuo vinavyofuata robo mwaka hupunguzwa kwanza: 3 za robo ni 2 za muhula.

Nguzo ya tatu ni mgawanyo. Biolojia, kemia, fizikia na hisabati huunda GPA ya sayansi. Masomo mengine yana yake, kisha ipo ya jumla. Mwanafunzi yule, akinyang'anywa Historia, hubaki na 3.0. Hapo ndipo wengine hujaribu kuipitisha Saikolojia kwa mlango wa Biolojia. Wahakiki wa AMCAS huirudisha ilikotoka.

Nguzo ya nne imeliza wengi: kurudia somo. Mwanafunzi akirudia Kemia na kupata A, chuo chake huenda kikaifuta ile C+, na GPA ikapaa hadi 3.89. AMCAS huhesabu zote mbili na kumpa 3.47. Maji yakimwagika hayazoleki, AMCAS huyapima. Huduma ya AACOMAS, inayohudumia shule za osteopathia, ilikuwa ikibadilisha alama ya zamani kwa mpya, lakini mwaka 2017 iliacha huruma hiyo.

Wengine hukimbilia Texas, ambako huduma ya TMDSAS haitambui jumlisha wala kutoa. A- hugeuka 4, C+ hugeuka 2. Mwanafunzi wa mfano hupata 16, 8 na 12: jumla 36, GPA 3.27. Amesafiri bure.

Nguzo ya mwisho ni ukaidi wa wastani wenyewe. Mwenye 3.2 katika krediti 90, akiongeza krediti 30 za A tupu, hufika 3.4 na kugota hapo. Kadiri krediti zinavyolimbikizana, ndivyo kila alama mpya inavyopoteza nguvu, wala hakuna kikokotoo, hata kile cha kulipia, kinachobadili jambo hili.

Baada ya tafakuri nzito, fani hii imefikia hukumu isiyokatiwa rufaa: anayetaka GPA ya juu asome kabla ya mtihani wa kwanza.