Sifa za Viza ya Kulalia Kiti

Kuna vitu ambavyo watu wamevitukana mpaka vikakosa mtetezi: mbu, foleni ya feri ya Likoni, na viza ya usiku mmoja. Mbu angalau ana wanasayansi wake, na feri huwapata wanasiasa kila baada ya miaka mitano. Viza ya usiku mmoja, ile anayodaiwa abiria asiye na haja yoyote na nchi ila kukaa uwanjani mpaka ndege ya pili iondoke alfajiri, haina mtu. Familia ya kijijini Mwabungo, Kwale, inayokwenda kumwona binti aliyeolewa ng'ambo huitaja kwa msonyo. Mimi nataka kuisifu, tena kwa hoja, kwa kuwa nikizipima taasisi zote zinazodai kuijali familia, yaani serikali, benki, kanisa, msikiti na kamati ya harusi, sioni hata moja inayoichukulia familia kwa uzito kama hii.

Wengi huilaani bila kuijua. Ndege zinazotoka Mombasa kwenda mbali si nyingi, na karibu zote hukupeleka kwanza mahali usipokwenda: Addis Ababa, Dubai, Istanbul. Mwenye pesa hukaa huko saa mbili. Mwenye tiketi nafuu, na watu wanne wa nyumba moja hawanunui tiketi ya aina nyingine, hukaa saa kumi na tatu, nyingi zikiwa za usiku. Hapo ndipo kila nchi huonyesha tabia yake. Marekani haitambui mtu wa kupita tu: tangu Agosti 2003, ilipositisha mpango wa kupitisha abiria bila viza, hata Mkenya anayebadilisha ndege tu lazima aombe viza. Uingereza inawataka Mkenya, Mtanzania na Mganda wawe nayo hata kama hawatasogea nje ya eneo la ndani la abiria, isipokuwa wana karatasi fulani za kuwaokoa. Kanada hutoa yake bila ada. Falme za Kiarabu hutoa saa 48 bure, na saa 96 kwa dirham 50, kana kwamba usiku wa kwanza ni ukarimu na wa tatu ni biashara. Hispania haikuwa imewagusa Wakenya mpaka Januari 2024, ilipowaingiza kwenye orodha yake ya wanaodaiwa viza ya kupitia baada ya waombaji hifadhi kurundikana uwanja wa Barajas, Madrid. Na nchi za Schengen kwa jumla, kwa kanuni ya mwaka 2009, zina kitu cha ajabu kuliko vyote: viza ya aina ya A, ambayo Mkongo, Msomali, Mwethiopia na Mweritrea hawana budi kuwa nayo, na ambayo humruhusu mtu kukaa eneo la abiria wa kimataifa, basi. Hoteli iliyo ng'ambo ya kioo haimo. Ukitaka kumlaza mtoto kitandani, hiyo ni viza nyingine.

Viza hiyo ya A ni ruhusa ya kuingia korido. Korido hiyo ni nchi yenye mipaka miwili, mlango ulioshukia na mlango utakaopandia. Mazao yake ni manukato na chokoleti, na raia wake ni watu waliofunika macho kwa kanga saa nane za usiku huku taa zote zikiwaka. Mataifa mengine huwapa watu ardhi, kisha huwanyang'anya kidogo kidogo. Hili peke yake husema tangu mwanzo kwamba halikupi kitu, na halikupi. Uaminifu wa namna hiyo ni adimu katika mambo ya utawala.

Lakini sifa kubwa ya viza hii ni elimu yake ya ukoo. Chifu akikuandikia barua huuliza unatoka kijiji gani. Mwalimu mkuu huuliza nani atalipa karo. Ni fomu ya viza tu ndiyo hukaa chini na kuuliza kwa dhati: huyu mtoto ni wa nani? Swali hilo kwetu si jepesi. Watoto wengi wa Kwale hubeba jina lao, la baba na la babu, kwa hiyo mama ana majina matatu na mwanawe ana matatu, na hakuna hata moja linalolingana. Afisa aliyezoea jina moja la ukoo kwa nyumba nzima huona hapo watu wawili wasiojuana wanaosafiri na chupa moja ya maziwa. Basi vinaletwa cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, na barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, yenye muhuri wa wakili. Nikahi ngapi zilizokaa miaka kwa ushahidi wa wazee na sahani ya pilau zimepata cheti kwa sababu tu ndege italala mahali? Tangu sheria ya ndoa ya 2014, serikali ya Kenya inataka nikahi za Waislamu zisajiliwe kama ndoa nyingine. Sheria ilikuwa imetoa ombi, ila aliyewatoa watu nyumbani kwenda kutafuta cheti ni usiku mmoja wa uwanjani.

Kwa Wadigo wa Kwale hasa, elimu hiyo inagusa donda la kale. Zamani mtoto wa Kidigo alihesabiwa kwa ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, mirathi ikiwa humo. Kisha sheria ya Kiislamu na ya Waingereza zikamvuta mtoto upande wa baba, na mvutano huo haukwisha kabisa. Viza ya usiku mmoja imeumaliza kwa mstari mmoja. Kuna nafasi ya baba, kuna nafasi ya mama, na kuna nafasi ya mlezi mwenye amri ya mahakama. Mjomba hana kisanduku. Wanazuoni walibishana juu yake zaidi ya karne moja; fomu haikumkataa wala kumkubali, ilisahau tu kumchapisha. Na bibi aliyemlea mjukuu tangu wiki ya kwanza naye atagundua kwamba kwa macho ya Ulaya amembeba mtoto wa watu.

Haki yake katika bei pia isifiwe. Tangu Juni 2024 ada ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi kabla ya kufika 12. Aliye chini ya miaka 6 hupita bure. Baba, mama, mtoto wa miaka minane na mdogo wake wa miaka minne ni yuro 225, na kwa fedha hizo wanapata viti vinne vya chuma. Mdogo hakulipa kitu, ila picha lazima. Hapa ningependa mtu aende studio ya Ukunda atazame mtoto mchanga wa miezi mitano akipigwa picha ya milimita 35 kwa 45. Shuka jeupe limetandikwa mezani. Macho yawe wazi, mdomo umefungwa, uso uelekee mbele, kivuli kisionekane, na mkono unaomshika shingo usitokee. Mpiga picha anatikisa funguo, shangazi anaimba nyuma yake, na mama amejificha chini ya meza ameinua mkono kama anayeshikilia mkungu wa ndizi. Mara ya mwisho familia hiyo kumtazama mtoto kwa makini namna hiyo ilikuwa siku ya arubaini.

Najua jibu la kwanza nitakalopewa: usiku mmoja una hatari gani hata uwekewe ulinzi? Anayeuliza hivyo hajasoma historia ya pwani yake. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipokuwa njiani kwenda Kilwa alilala Mombasa usiku mmoja. Mmoja tu. Kwa usiku huo aliona kwamba watu hula ndizi na samaki, kwamba misikiti ni ya mbao iliyojengwa imara, kwamba mlangoni pa msikiti pana kisima kisicho na kina kirefu na chombo cha mbao chenye mpini cha kutekea maji, kwamba watu huenda pekupeku, huosha miguu na kuifuta kwenye jamvi kabla ya kuingia. Karibu miaka 700 imepita na bado watu wanasoma habari za miguu yetu. Angewekwa kwenye korido yenye duka la manukato, tungebaki na siri zetu. Na huyo alikuwa mpole. Waliofuata kaskazi kutoka Arabuni na kusubiri kusi iwarudishe walikaa kwenye bandari hizi miezi, siyo saa, na kilichofuata kinajulikana katika koo nyingi za Mji wa Kale: posa, mahari, watoto. Abiria wa kupita alirudi kwao akiwa ameacha wakwe. Ikiwa kuna watu wanaopaswa kuelewa kwa nini mwenyeji ana hofu na mgeni anayengoja chombo, ni sisi tuliozaliwa na hofu hiyo.

Atasimama mwingine aseme kwamba haya ni matusi kwa mila ya ukarimu. Mbona sisi tuna methali, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wenzetu wameharakisha tu; jembe wanalitoa kabla ya siku ya kwanza, Nairobi kwenye dirisha la maombi. Hata Mogadishu aliyoipita Ibn Battuta kabla ya kufika kwetu, mfanyabiashara hakushuka chomboni hivi hivi. Vijana walikuja na mashua na sahani za chakula, na kila mmoja alimtaja mgeni wake, na mgeni huyo alikwenda kulala kwake. Tofauti ni kwamba pale barua ya mwaliko ilikuwa na nyama juu. Wala Kenya isijifanye malaika. Kwa miaka mingi ilitoza viza ya kupitia dola 20, na tangu Januari 2024 wageni wengi huomba kibali cha mtandaoni cha dola 30, ingawa asiyetoka uwanjani husamehewa. Na jirani ya Mwabungo kabisa, Kaya Kinondo, msitu ulioingia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, una masharti makali kuliko Frankfurt: unafungwa kaniki nyeusi, huchumi jani, huokoti jiwe, hubusu mtu humo. Nakiri hata hivyo kwamba pale kaniki ni ile ile kwa profesa wa Ulaya na kwa mtoto wa Galu, na hakuna anayeulizwa jina la babu.

Pingamizi la tatu ni zito, nami siwezi kulipita kwa mzaha. Linasema kwamba viza hii humhukumu mtu kwa karatasi, na karatasi haikugawiwa sawa. Kwa kuwa Ulaya hulitoza shirika la ndege maelfu ya yuro kwa kila abiria linayemleta bila hati, mwamuzi wa kweli ni kijana wa kaunta pale uwanja wa ndege wa Mombasa, Port Reitz, mwenye kompyuta, foleni ndefu nyuma yako, na dakika tatu. Mpaka wa Ulaya uko hapo, karibu na mizani ya mabegi. Lakini kufika mbele ya kijana huyo ni daraja tayari. Wamakonde wa Makongeni, Msambweni, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Kwale vizazi kadhaa bila kitambulisho cha nchi yoyote. Oktoba 2016 walishika njia kuelekea Nairobi kudai uraia, ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Wao walilala kitini miaka mingi ndani ya kata yao wenyewe, na hapakuwa na ubao wa kuonyesha ndege yao itaondoka saa ngapi. Ukiwafikiria hao, kunyimwa viza kunaonekana kama heshima: mtu amekubali kwamba upo, kisha akakukataa.

Basi na mimi nirudi kwenye sifa, nikitumia nyumba ambazo Diani imezijaza tangu watalii wa Kijerumani walipoanza kuoa na kuolewa huku. Mume ana pasi ya Ujerumani, mke na mama yake wana za Kenya, watoto wana zote mbili. Kanuni ya Schengen imewakumbuka: jamaa wa karibu wa raia wa Umoja wa Ulaya, mke akiwemo, wamesamehewa viza ya korido, mradi wathibitishe ujamaa wao. Mama mkwe sharti athibitishe pia kwamba analelewa na mkwe, na hilo ni neno ambalo mwanamke aliyelima muhogo wake miaka 40 hatalisema mbele ya watu. Ndiyo maana watu wa namna hii wakipanga vizuri hulala Addis Ababa. Ethiopia haimdai Mkenya viza, ila Mjerumani inamdai. Saa sita za usiku uwanja wa Bole, bibi wa Mwabungo anapita uhamiaji na wajukuu wawili, anageuka, na kumkuta mkwewe amesimama nyuma ya mstari wa manjano akitafuta kalamu. Anakalia begi lake kubwa, anavua viatu, na kuwaambia watoto wasimwite baba yao, anajaza fomu.