Dume au Jike, Mzee?

Hivi jamani, Mjapani nilimkosea nini? Gari lake nimenunua. Ushuru nimelipa. Ukiwasha tu, redio inakusalimia kwa Kijapani, sauti ya kike, adabu tupu. Mimi najibu "marahaba". Sijui kasema nini, lakini sitaki aone sikulelewa.

Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi ni stesheni. Wajapani FM yao waliipanga kuanzia 76 mpaka 90. Sisi huku tumekaa 87.5 hadi 108, kama sehemu kubwa ya dunia. Kwa hiyo redio yangu na Tanzania wanakutana kwenye kakipande kadogo, baada ya 87 kabla ya 90, basi. Huko juu kote ambako stesheni zimebanana, haifiki. Nasikia siku hizi Japani wamesogea mpaka 95. Hongera zao. Gari langu lilizaliwa kabla.

Na hako kakipande nako, kwangu mimi, kamejaa Waganda. Sisi wa Bukoba Mganda ni jirani, ukivuka Mutukula umefika. Kihaya na Kiganda ni ndugu, kwa hiyo nusu naelewa, na nusu ninayoelewa yote ni matangazo ya sabuni. Huku nyuma mzee wa ukoo wetu kafariki. Tangazo limesomwa redioni. Wenzangu wote wamesikia. Mimi nafika watu wanakunja turubai. Kisa? Masafa. Hebu nenda kawaeleze wajomba zako habari ya masafa.

Nikashauriwa: weka ekspenda. Ni kiboksi kidogo, kinakaa kati ya antena na redio, kinashusha zile stesheni za juu mpaka redio ya Kijapani izione. Upande mmoja kina dume, upande mwingine kina jike, halafu waya mwekundu na mweusi wa umeme. Rahisi! Kila mtu kijijini kwetu Maruku aliniambia ni rahisi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukifunga. Hapa kijijini tuna kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Maruku. Wale watu wanajua mgomba unaumwa nini kabla mgomba wenyewe haujajisikia vibaya. Antena ikiumwa, je? Hakuna kituo. Unabaki wewe na Mungu wako.

Nikaenda Bukoba mjini. Bahati mbaya nilikuwa na mama mkwe, anakwenda kupima macho. Duka limejaa. Kijana wa dukani, mbele za watu, kwa sauti ya mnadani: "Mzee, wewe una dume au jike?"

Mae waitu! Mama mkwe akageuka, akaanza kutazama bodaboda barabarani. Na mimi Mhaya. Mhaya akisema "sijui" hadharani, watu wataulizana huyu ni nshomile, yaani msomi, wa wapi. Nikajibu kwa kujiamini: "Vyote viwili."

Wateja wote wakageuka kunitazama.

Kumbe hata dume lenyewe si moja. Kijana akamwaga boksi zima juu ya kaunta. Kuna ile plagi nene ya zamani, inaitwa Motorola, jina la redio za magari ambazo Paul Galvin na wenzake walianza kuuza kule Chicago mwaka 1930. Kuna ya Kijapani, JASO, ambayo kwa macho yangu ni Motorola ileile, mpaka uichomeke ndipo inaanza kukataa au kuchezacheza. Kuna ya ISO, ya magari ya Ulaya. Halafu kuna FAKRA, kazi ya Wajerumani. Hiyo ina ganda la plastiki la rangi. Nyeusi na nyeupe ni za redio, bluu ni ya GPS, na kila rangi ina mkato wake ili mtu asiweze kukosea hata akitaka.

Nikachukua ya bluu. Ilikuwa inapendeza.

Gari langu ni Toyota kuukuu. FAKRA halina popote. GPS ya Maruku ni kusimama na kuuliza.

Basi zikaanza adapta. Adapta ya kutoka hii kwenda ile. Nafika nyumbani, adapta nayo inataka adapta yake. Zikawa zimeungana kama mabehewa ya treni ya mizigo, na nyuma ya dashibodi hakuna stesheni ya kuipaki. Redio ikagoma kurudi ndani. Ikabaki imetoa kichwa, nimeifunga kwa mpira. Barabara zetu unazijua. Kila shimo kiungo kimoja kinalegea. Na kila kiungo kinakula mawimbi kidogo, ukivipanga vingi unabaki na mvumo mtupu. Mvua ya Bukoba nayo haina huruma, ikajipenyeza kwenye shina la antena, shaba ikaota kutu ya kijani. Sasa hata Mganda simpati.

Shemeji akaja na wazo. Mashemeji hawakosi mawazo. "Kata yote, unga waya wa dishi." Nikakata. Ndani nikakuta waya mmoja katikati, halafu plastiki nyeupe, halafu wavu wa nyuzi nyembamba umeuzunguka. Nikaona hii yote ni chuma, ya nini kuitenga? Nikasokota pamoja, nikaviringisha tepu nyeusi, nikakaza kwa meno.

Fundi mmoja kule Hamugembe alipoifungua ile tepu alikaa chini kwanza. Kijana mdogo, umri sawa na gari langu. "Mzee, wa katikati ndio unabeba mawimbi. Wavu ni ngao yake, unakwenda kwenye bodi. Ukiugusa wa katikati hata kwa unyuzi mmoja, umemwaga kila kitu." Akaongeza kwamba waya wa dishi ni omu 75, na ule wa redio koli ni omu 50. Kwa kusikiliza tu muziki ukichanganya utaponea, lakini kwa chombo kinachorusha, usichanganye. Akaniuliza, "Omu unazijua, mzee?" Nikamwambia, "Tangu shule."

Halafu akaitazama antena. Antena yenyewe ilivunjikia shambani kwenye migomba, pale nimeweka waya wa hanga. Akaupima. Akasema kwa stesheni ya 100, robo ya wimbi ni kama sentimita 75, na hanga langu limekaribia kabisa. Nikajisikia mhandisi. Lile hanga alilikata mwanangu akicheza.

Treni yangu yote akaitupa kwenye ndoo. Akaweka plagi moja mpya, akaichomelea kwa risasi, akachomeka ekspenda. Akaushika waya mwekundu. "Huu ulikuwa umeunga wapi?" Ulikuwa unaning'inia. Mimi nilidhani ni wa akiba.

Sasa nasikia. Lakini usidhani nimepumzika. Ekspenda yangu inashusha kwa 14. Stesheni ya 98 inasomeka 84. Mtangazaji anajitaja tisini na nane, redio inaandika themanini na nne, na niliowapa lifti wanasema redio ya mzee huyu ni mbovu. Nawaeleza habari ya kutoa 14. Mwalimu mstaafu wa hesabu akaniambia nimekosea jibu. Zilizo juu ya 104 bado zinanipita. Na Waganda wangu wa chini ya 90 wamepotea kabisa, na bei ya sabuni siku hizi siijui.

Kwa hiyo wewe unayetaka kwenda mjini kununua plagi ya antena, nisikilize. Chomoa ya zamani, itie mfukoni. Tundu la nyuma ya redio lipige picha. Uliza kwanza gari lina ekspenda au halina, maana plagi na masafa ni magonjwa mawili tofauti. Adapta ikizidi moja, kataa, mwambie fundi abadilishe plagi yenyewe. Ukifika dukani, weka vitu vyako kaunta. Na ukiulizwa dume au jike, onyesha kwa kidole.