Leta Inataka Tuzeeke kwa Bidii

Oktoba mosi ni siku yetu wazee. Umoja wa Mataifa uliipanga mwaka 1990, na tangu hapo dunia inatukumbuka siku hiyo moja kisha inapumzika mwaka mzima. Mara ya mwisho tuliitwa, tukagawiwa kofia, tukapangwa juani kama mihogo ya kuanika, tukamngoja mkubwa mmoja ambaye tangu asubuhi alikuwa "njiani". Alifika saa sita: kijana mzuri, suti imemkaa. Akatuhimiza tusikae bure. Mzee wa kisasa, akasema, anatembea kila siku, anakula matunda, anajichanganya na watu, hakubali kulemaa nyumbani. Shirika la Afya Duniani limehubiri hivyo tangu 2002. Tukampigia makofi. Kama ni mazoezi ya kusimama, ya siku ile tulikuwa tumeshayamaliza kabla hajafika.

Sasa nimwambie huyo mwanangu, kwa adabu zote, kwamba hapa kwetu Kindu, Kongo, hakuna mzee aliyekaa bure. Leta, yaani serikali, imehakikisha.

Mimi nakaa Alunguli. Ofisi zenye mihuri ziko ng'ambo, Kasuku, na katikati yetu limelala jito zima. Basi mtu wa umri wangu ukimtaka karani, unashuka ukingoni, mguu mmoja kwenye tope, wa pili unautafuta mtumbwi, mtumbwi nao unakukimbia, mfuko wa karatasi umeung'ata kwa meno yasiyo mengi, na mpiga kasia anakufokea: "Papa, kaa katikati! Usitikisike!" Kutikisika ni magoti, mwanangu, si mimi. Huko Geneva, kwenye Shirika hilo la Afya, hawajabuni zoezi la namna hiyo.

Au mtazame jirani yangu mwalimu. Sheria ya 2016 ya watumishi wa Leta inasema mtu apumzike akitimiza miaka 65, au 35 ya kazi. Jirani amevipita vipimo vyote viwili, na hakuna hata kimoja kilichomsimamisha. Kutoka kazini bila malipo ya mwisho wa kazi ni kujifukuza mwenyewe, kwa hiyo kila asubuhi anabeba chaki yake. Anafundisha wajukuu wa wanafunzi wake wa kwanza. Miwani ilivunjika, kwa hiyo watoto wanamsomea ubao, naye anasahihisha kwa masikio. Mkaguzi akija atasema darasa linashiriki vizuri.

Kuna sababu nyingine ya kutokaa bure ambayo mkubwa hakuigusa. Mzee akikaa peke yake chini ya mwembe, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, halafu mtoto wa jirani apate homa, jioni haifiki kabla watu hawajaanza kunong'ona: mulozi, mchawi. Kwa hiyo nikimaliza kazi moja natafuta nyingine. Kuna siku napita mbele za watu na jembe begani, mbio mbio, wala siendi popote.

Mtaniuliza: na pensheni? Ee, nililipa. Nilikuwa karani wa kampuni moja ya biashara ambayo siku hizi mlango wake umebaki na kufuli tu. Kila mwisho wa mwezi walinikata makuta, pesa zangu, kwa ajili ya uzee wangu, na wakati huo makuta yalikuwa zaire. Mwaka 1993 zikaja zaire mpya: milioni 3 za zamani ukapewa 1. Mwaka 1998 ikaja franga: zaire mpya 100,000 ukapewa 1. Mtu aliyezoea vitabu vya hesabu hawezi kulala na jambo kama hilo, nikakaa na kalamu. Zaire za zamani bilioni 300 ndizo franga moja. Bilioni mia tatu! Kampuni yote, na mzungu wake, na magari yake, haikuwahi kuziona. Na hiyo franga moja, leo hata kichaa wa sokoni haiokoti.

Hata hivyo nilikwenda kuulizia. Nikavuka, nikapanga mstari, nikamfikia binti mmoja mpole nyuma ya meza.

"Papa, cheti cha uhai kiko wapi?"

"Mwanangu, si mimi huyu niliyesimama mbele yako?"

"Mimi nakuona, Papa. Jalada ndilo halikuoni."

Nikaenda kutafuta cheti. Makuta ya cheti, makuta ya fotokopi, na makuta ya sukre, yaani soda, ya kijana aliyekwenda kumtafuta mwenye muhuri. Kufa kwetu ni bure. Kuishi ndiko kunahitaji risiti. Nilipokirudisha, binti akakisoma vizuri, akanieleza kwamba uhai wangu una muda wake, ukiisha nije na mwingine.

Msidhani sheria zimekosekana. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, imesema mtu wa umri mkubwa ana haki ya hatua maalumu za kumlinda, kwa mwili, kwa akili na kwa moyo. Maneno matamu, unaweza kuyala na sombe. Lakini utamlindaje mtu usiyejua kama yupo? Nchi hii ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984. Mimi nilihesabiwa, namkumbuka hata aliyebeba daftari. Maniema ilikuwa bado ndani ya Kivu, haikuwa jimbo mpaka 1988. Kwa hiyo katika hesabu ya Leta, mimi mpaka leo ni kijana wa Zaire, mkaaji wa Kivu, meno yote mdomoni. Huyo kijana ana shida gani ya kulindwa?

Wenzetu wamefanya, na si matajiri wa dunia. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mwenye miaka 70 anapata pensheni hata kama maisha yake yote alivua samaki wake mwenyewe: ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Kenya nako wazee wa miaka 70 wana shilingi 2,000 za Inua Jamii. Si utajiri. Lakini ni sukari, sabuni, na mjukuu anayekuita "babu" kwa sauti nyingine kabisa. Kwetu mwaka 2023 Kinshasa ilizindua mpango wa kujifungua bure. Ni jambo jema, sipingi. Leta imeanza na wanaoingia duniani. Sisi tulio karibu na mlango wa kutokea, tusisukumane.

Watu wanasema pensheni ya Mwafrika ni watoto. Wangu walifuata dhahabu huko Namoya na bati huko Kalima. Pensheni niliyotumiwa ni wajukuu, wamekuja kwa awamu, kila mmoja na mfuko wake mdogo wa nguo. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, nashukuru. Kaptura, daftari na tumbo la saa saba bado vinalipiwa na babu. Bibi yao naye anauza mchele sokoni mpaka giza, halafu tunaitwa kuhimizwa tuchangamke.

Kwa hiyo nimeona nisiombe msaada. Naandika mukanda, barua ya deni. Leta inadaiwa: malezi ya wajukuu, usiku wa homa ukihesabiwa mara mbili, miaka ambayo jirani yangu amefundisha baada ya sheria kumwambia apumzike, nauli za mtumbwi, kwenda na kurudi, franga moja ya makato yangu, ambayo siisamehi ng'o, na gharama za kuthibitisha kwamba anayedai yu hai. Fotokopi za cheti nimebandika. Walipe upesi, maana muhuri ule unaisha mwezi ujao, na baada ya hapo watasema wanadaiwa na marehemu.