Utukufu wa Sambusa ya Hiroshima

Watu husifu kinachowafaa, ndiyo maana Probox imesifiwa kupita kiasi. Wauza maziwa wa Njoro wanaisifu, wachuuzi wa viazi wa Molo wanaisifu, na hata waliowahi kubanwa kumi ndani yake kutoka Salgaa hukiri kwamba walifika. Mimi naomba nafasi niisifu injini ambayo haijamfaa mtu kwa jambo lolote la maana: rotari ya Mazda. Na pamoja nayo nimsifu yule mja anayeing'oa injini nzima ya Toyota iliyo ndani ya RX-8 yake, injini isiyo na kosa, ili airudishe ile ya kwanza iliyomkimbiza kwa Toyota.

Maisha ya gari kama hilo huku kwetu huwa hivi. Lilishuka Mombasa enzi zake likiwa zima, likapanda hadi Bonde la Ufa, likamfurahisha mwenyewe kwa msimu, kisha likaanza kugoma asubuhi. Fundi analisikiliza, anatikisa kichwa, anasema, "Toa hii, tukuwekee 1JZ." Silinda sita za Toyota zinaingizwa kwa kukata na kuchomelea, gari linawaka kila siku, na hapo ndipo msiba unapoanza. Mwenyewe anafika kazini mapema. Hana cha kusimulia. Hakuna anayempigia simu kumuuliza amefika wapi.

Tazama umbile la hiyo rotari. Ndani hamna pistoni, hamna valvu, hamna cheni ya kukatika. Kuna rota mbili zenye pembe tatu, sambusa mbili za chuma zilizofura kidogo, zinazozunguka vyumbani mwake na kuisukuma shafti moja. Kila rota ina cc 654, jumla 1,308, tarakimu ambayo kwenye logbuku inasomeka kama gari la mwalimu mstaafu. Lakini RX-8 yenye gia za mkono hupanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika bila kutetemeka, na kwenye foleni ya Kenyatta Avenue mjini Nakuru hunywa lita moja ya petroli kwa kila kilomita saba hivi. Oili inakunywa pia, wala si ugonjwa. Wajapani waliiwekea pampu makusudi ya kudondoshea oili vyumbani, kwa sababu kwenye ncha za rota kuna sili nyembamba zinazokwaruza ukuta muda wote. Injini nyingine ikila oili, mwenyewe hufadhaika. Hii ikiacha kula, ndipo ufadhaike. Mhudumu wa kituo cha petroli anakujua jina, la mama yako pia. Mwenye Probox huonekana pale mara moja kwa wiki na hasalimiwi.

Nasaba yake ni ya kujivunia. Aliyeibuni, Mjerumani Felix Wankel, alikuwa na macho mabovu na hakuwahi kuwa na leseni ya udereva, kwa hiyo dhiki hii aliwaachia wengine waiendeshe. Kampuni ya NSU iliitia kwenye Ro 80 mwaka 1967, gari hilo likatawazwa Ulaya kuwa Gari la Mwaka 1968, na sili zikaanza kwisha. NSU ilibadilisha injini chini ya dhamana hadi hazina ikatikisika, na 1969 Volkswagen ikaimeza. Wenye Ro 80 wengi waliochoka wakang'oa Wankel na kuweka V4 ya Ford. Ndiyo kusema fundi wetu anapotaja 1JZ hajabuni kitu. Anarudia ushauri wa mafundi wa Ulaya, na kama ilivyokuwa huko, kuna wapenzi wa magari ya kale ambao leo huiona Ro 80 yenye Ford kuwa imenajisika na huitafutia Wankel tena.

Kule Hiroshima kwa Mazda, Kenichi Yamamoto na kikosi chake cha wahandisi 47 walikuta sili zikiuchora ukuta wa chumba mikwaruzo, wakaiita kucha za shetani. Walipambana naye, na Cosmo Sport ikaingia sokoni 1967. Nionavyo mimi, shetani huyo hakwenda mbali.

Wenye wivu husema rotari haina uvumilivu. Juni 1991, pale Le Mans, Mazda 787B yenye rota nne ilikimbia saa 24 ikawashinda Mercedes na Jaguar, ikawa gari la kwanza la Kijapani kuzishinda mbio hizo. Uvumilivu inao. Isichovumilia ni kusogezwa. Chukua ploti yoyote ya Section 58, Nakuru. Saa kumi na mbili asubuhi jirani mwenye Vitz anagonga: "Boss, songesha kidogo nitoke." Unawasha ikiwa baridi, unarudi nyuma mita tatu, unazima, unaenda kunywa chai. Petroli iliyomwagwa kwa wingi kuwasha injini baridi imeosha oili ukutani, sili hazibani tena, kompresheni imeanguka. Saa mbili unazungusha ufunguo na starta inaimba peke yake.

Nalo Bonde la Ufa limeiongezea heshima. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na hewa nyepesi huipunguzia injini isiyo na tabo kama sehemu moja kati ya tano ya nguvu. Vumbi la Elmenteita, ambalo tangu 2021 huyalemea hata magari ya mamilioni ya Safari Rally, halibagui filta ya mtu. Halafu rotari humfunza fundi unyenyekevu. Kipimo cha kompresheni alichokiamini tangu ujana hapa humdanganya: rota ina nyuso tatu, kipimo hushika kompresheni iliyo kubwa pekee, kwa hiyo uso mmoja waweza kuwa umekufa na mshale ukasema wote ni wazima. Sharti atoe valvu ya kipimo, autazame mshale ukiruka mara tatu tatu, kisha akumbuke kwamba mwinuko wa Nakuru nao umepunguza kila tarakimu. Baada ya hapo anapandisha bei, na sioni kosa lake.

Turudi kwa mja wetu. RX-8 ilikoma kutengenezwa 2012, na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo, kama injini yake ya kwanza iliuzwa, nyingine ataipata nyuma ya gereji, ndani ya RX-8 nyingine ambamo kuku hutaga. Iliegeshwa pale kwa sababu iliugua, naye anaulipia ugonjwa huo pesa taslimu. Sili mpya zinaagizwa ng'ambo. Waya zilizokatwa na fundi wa kwanza zinatafutwa rangi kwa rangi, na kompyuta ya gari lazima ikubali ufunguo. Ile 1JZ inauzwa kugharimia haya yote. Mnunuzi wake hatumsifu hapa, huyo anafika kazini. Waliofaidi kuliko wote ni wavivu ambao hawakuwahi kupeleka NTSA karatasi za injini ya Toyota. Kama ya kwanza haikuuzwa, logbuku yao, baada ya miaka ya uongo, inasema kweli.

Kwa anayetaka kuuingia utukufu huu, ushauri wangu ni apange nyumba Milimani. Rotari iliyolowa mara nyingi huwaka ikisukumwa mteremkoni, na mji huu kwa rehema za Menengai umelalia kuelekea ziwani. Mwenye gia za otomatiki mteremko haumsaidii. Huyo atoe fyuzi ya pampu ya petroli, afungue plagi zote nne, azungushe starta hadi vyumba vikauke, adondoshee oili kidogo kila chumba, afunge, awashe. Itawaka, na moshi wake utajaza ploti nzima. Jirani wa Vitz atakuwa wa kwanza kukimbilia kamba kuanua nguo.